Tovuti Inapohama: Mtumiaji Aijueje Anwani ya Kweli?



Mada tuliyowaandalia inaonekana ndogo, lakini ndani yake mna fedha za watu, siri za watu na imani ya watu. Inahusu taasisi, kampuni au duka linapoacha anwani ya zamani ya tovuti yake na kuhamia anwani mpya. Tutaeleza jinsi kuhama huko kunavyofanyika, sababu ya matapeli kuupenda wakati huo, na hatua ambazo mtumiaji anapaswa kuzichukua ili asipotee njia. Mwishoni tutasema pia na wenye biashara ndogo, kwa kuwa miongoni mwenu wamo wanaouza bidhaa kupitia tovuti zao wenyewe, na wajibu wao kwa wateja hauishi siku wanapohama.

Tuanze na anwani yenyewe. Kompyuta zilizounganishwa na intaneti hutambuana kwa namba. Namba hizo ni ndefu na ni ngumu kwa binadamu kuzikumbuka. Kwa sababu hiyo, mwaka 1983, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Paul Mockapetris, alibuni mfumo wa majina ya vikoa, ambao kazi yake ni kupokea jina na kurudisha namba. Unapoandika jina la benki yako kwenye simu, simu huuliza kwanza: jina hili lipo kwenye namba ipi? Ikipata jibu, ndipo huenda ilikotumwa. Jina, basi, ni kama kibao kilichotundikwa juu ya mlango wa duka. Kibao kinaweza kubaki palepale na duka likabadilika ndani; na duka linaweza kubaki lilelile likabadilishiwa kibao.

Lipo jambo moja ambalo watumiaji wengi hawalifahamu. Jina la kikoa halinunuliwi likawa mali ya mtu milele. Husajiliwa kwa muda maalumu, aghalabu mwaka mmoja au zaidi, na mwenye nalo hulipa ada ili kuendelea kulitumia. Asipolipa, jina hurudi sokoni, na mtu mwingine yeyote anaweza kulisajili kwa njia halali kabisa. Kwa majina ya kimataifa kama yale yanayoishia na .com, utaratibu huweka kipindi cha siku 30 ambacho mwenye jina anaweza kulikomboa baada ya msajili kulifuta, kisha siku 5 za mwisho, halafu jina huachiwa. Kumbukeni jambo hili, kwa kuwa madhara mengi tutakayoyataja baadaye yanatokana nalo.

Taasisi huhama kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo ni njema. Kampuni mbili zinaweza kuungana na kuwa moja. Kampuni inaweza kubadili jina lake. Duka lililoanza na anwani ya kigeni linaweza kuamua kutumia anwani ya nchi yake, kama .tz kwa Tanzania au .ke kwa Kenya, ili wateja wajue lilipo. Mfano unaojulikana duniani kote ni wa mtandao wa kijamii wa Twitter. Julai 2023 mtandao huo ulibadilishwa jina ukaitwa X, na mwezi Mei 2024 ukakamilisha kuhamia x.com. Hadi leo kuna viungo visivyohesabika, katika magazeti, vitabu na tovuti za watu, vinavyoonyesha twitter.com. Viungo hivyo haviwezi kurekebishwa vyote kwa mkono. Vinafanya kazi kwa sababu moja tu: mwenye jina la zamani bado analo, na ameliamuru lipeleke wageni kwenye jina jipya.

Amri hiyo ndiyo tunayoiita uelekezaji. Sote tumewahi kufika dukani tukakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: TUMEHAMA, TUPO MTAA WA PILI KARIBU NA MSIKITI. Katika mtandao, karatasi hiyo ni jibu fupi ambalo seva ya zamani hukipa kivinjari chako. Jibu hilo lina namba. Namba 301 humaanisha kwamba ukurasa umehama moja kwa moja; namba 302 humaanisha kwamba upo mahali pengine kwa muda. Kivinjari kikipokea jibu hilo hakikuulizi chochote, bali huenda chenyewe kwenye anwani mpya, kufumba na kufumbua. Usipotazama anwani iliyoandikwa juu ya kioo, hutajua kwamba umehamishwa.

Urahisi huo ndio unaoleta hatari. Mtu akisoma karatasi mlangoni, anapata nafasi ya kufikiri: je, mwandiko huu ni wa mwenye duka? Mtaa wa pili naufahamu? Katika mtandao nafasi hiyo haipo. Mtumiaji huzoea kubebwa kutoka mahali hadi mahali pasipo kuuliza, na tapeli hutafuta mtu aliyezoea kubebwa.

Hatari ya kwanza ni tangazo la uongo la kuhama. Ujumbe huja kwa simu au barua pepe ukisema: mpendwa mteja, tumehamia mfumo mpya, bonyeza hapa uingie upya ili akaunti yako isifungwe. Ujumbe wa namna hii hushawishi kwa sababu una chembe ya ukweli. Tovuti inapohama kweli, mtumiaji hulazimika kuingia upya, kwa kuwa kivinjari hutunza kumbukumbu zake kwa kufuata jina la tovuti, na jina likibadilika kumbukumbu hizo hazitumiki. Nenosiri ulilolihifadhi halitajiandika lenyewe. Kwa hiyo ombi la kuingia upya peke yake si dalili ya wizi, wala si dalili ya usalama.

Hata watu wa ndani ya kampuni wanaweza kuchanganyikiwa. Septemba 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilitangaza kwamba taarifa za watu wapatao milioni 143 zimevuja. Ili kuwasaidia waathirika, kampuni haikutumia anwani yake iliyozoeleka. Ilifungua anwani mpya kabisa, equifaxsecurity2017.com. Mtaalamu mmoja wa programu, akitaka kuonyesha hatari ya uamuzi huo, alisajili jina linalofanana nalo kwa kupindua maneno mawili tu: securityequifax2017.com. Kilichofuata ni kwamba ukurasa rasmi wa kampuni katika mtandao wa kijamii uliwaelekeza wateja, zaidi ya mara moja, kwenye anwani hiyo isiyo yake. Bahati yao ni kwamba mtu yule hakuwa na nia mbaya. Angekuwa tapeli, wateja wangemkabidhi siri zao kwa mwaliko wa kampuni yenyewe.

Hatari ya pili ni jina la zamani lililotelekezwa. Taasisi huhama, huweka uelekezaji kwa miezi michache, kisha husema: jina la zamani la nini tena? Ada haikulipwa, na jina likaachiwa. Lakini wateja bado wanalo vichwani, kwenye risiti, kwenye kalenda za ukutani na kwenye simu zao. Atakayelisajili jina hilo amejipatia kibao kinachoaminiwa na watu ambao hakuwahi kuwahudumia.

Kuna mifano miwili ya kweli. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia ada ya jina passport.com, ambalo watumiaji wa barua pepe za Hotmail walilitumia kuingia kwenye akaunti zao. Watu wakashindwa kuingia, hadi mtayarishaji mmoja wa programu, asiye mfanyakazi wa kampuni hiyo, alipolipa mwenyewe dola 35 kwa kadi yake na huduma ikarejea. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na msamaria mwema. Mfano wa pili ni wa mwaka 2015 nchini Ujerumani. Kampuni ya Heinz iliwahi kuchapisha kwenye chupa za kechapu alama ya QR iliyowapeleka wateja kwenye tovuti ya shindano. Shindano likaisha na jina la tovuti likaachwa, lakini chupa zilikuwa bado majumbani. Mteja aliyeielekeza simu yake kwenye chupa iliyokuwa mezani alijikuta kwenye tovuti ya picha zisizofaa, kwa sababu jina lilikwisha kuchukuliwa na mwingine. Kampuni ikalazimika kuomba radhi.

Madhara ya jina lililotelekezwa hayaishii kwenye kurasa. Jina la kikoa hubeba pia barua pepe. Mtu akilipata jina la zamani la zahanati, shule au chama cha akiba na mikopo, anaweza kufungua sanduku la barua kwa jina hilo na kuanza kupokea barua zote zinazoendelea kutumwa kwa anwani za zamani: vyeti vya wagonjwa, ankara, maombi ya wanachama, hata viungo vya kubadilishia nenosiri vya akaunti zilizofunguliwa kwa barua pepe hizo. Hana haja ya kuvunja mlango, kwa kuwa ufunguo aliachiwa.

Hatari ya tatu ni majina yanayofanana. Kipindi cha mpito watu huwa hawajalizoea jina jipya, na jicho lisilozoea halioni kosa dogo. Herufi l na tarakimu 1 hufanana. Herufi o na sifuri hufanana. Herufi r na n zikikaa pamoja huonekana kama m. Katika kuhama kwa Twitter kulitokea kioja cha kufundisha. Aprili 2024, programu yake ya simu za iPhone ilianza kubadili maandishi twitter.com katika ujumbe wa watu yaonekane kuwa x.com. Ilifanya hivyo hata pale ambapo maandishi hayo yalikuwa sehemu ya jina refu zaidi. Hivyo aliyeandika fedetwitter.com alionekana ameandika fedex.com, jina la kampuni mashuhuri ya usafirishaji, ilhali kiungo kilimpeleka msomaji kwenye fedetwitter.com. Siku chache tu zilitosha kwa watu mbalimbali kusajili majina ya namna hiyo, baadhi yao wakitaka kuyaziba kabla ya matapeli, na kosa hilo likarekebishwa. Tunachojifunza ni kwamba maandishi ya kiungo na mahali kiungo kinapokwenda ni vitu viwili tofauti.

Ndugu wasikilizaji, baada ya hatari, tuje kwenye kinga. Tunawapa hatua sita, na tunaeleza sababu ya kila moja, kwa maana anayeijua sababu hupata njia hata katika jambo ambalo hatukulitaja.

Kwanza, usianze safari kwenye ujumbe. Ukipata taarifa kwamba tovuti fulani imehama, usibonyeze kiungo kilichomo. Andika mwenyewe anwani ya zamani uliyoizoea, uone itakupeleka wapi. Sababu ni hii: mtu yeyote anaweza kukutumia ujumbe, lakini anayeweza kuweka uelekezaji kwenye jina la zamani ni yule anayelimiliki jina hilo. Anwani ya zamani ni shahidi wa anwani mpya. Ikiwa ya zamani ingali inafanya kazi kama kawaida na haina tangazo lolote la kuhama, basi ujumbe ule una mashaka makubwa.

Pili, tafuta shahidi wa pili nje ya mtandao. Tumekwisha kusema kwamba jina la zamani linaweza kuwa limechukuliwa na mtu mwingine, na kwa hiyo ushahidi wake peke yake hautoshi pale penye fedha. Piga simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki, au kwenye risiti ya zamani, au fika tawini. Usipige namba iliyoandikwa kwenye ujumbe uleule unaoutilia shaka, kwa kuwa utakuwa unamuuliza mshukiwa kama yeye ni mwizi.

Tatu, jifunze kusoma anwani, nayo husomwa kutoka kulia. Gusa sehemu ya juu ya kivinjari ili anwani nzima ionekane. Ruka maandishi https:// yaliyo mwanzoni, kisha nenda hadi kwenye mkwaju unaofuata, au hadi mwisho ikiwa hakuna mkwaju. Hapo geuka, urudi kushoto. Chukulia anwani malipo.mfano.co.tz. Ukisoma kutoka kulia unakuta tz, kisha co, kisha mfano. Mwenye tovuti ni mfano.co.tz, na neno malipo ni chumba ndani ya nyumba yake. Sasa chukulia mfano.co.tz.jinajingine.com. Hapa kulia kabisa kuna com, kisha jinajingine. Mwenye tovuti ni jinajingine.com, na maneno mfano.co.tz yaliyotangulia ni pambo la kukulaghai. Majina haya tumeyatumia kwa ajili ya maelezo tu, lakini kanuni yake hutumika kila mahali. Vilevile, zifahamu ncha za majina ya nchini. Kwa Tanzania, co.tz ni ya biashara, or.tz ya mashirika, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, na go.tz ni ya taasisi za serikali. Kwa Kenya, taasisi za serikali hutumia go.ke. Ukiambiwa kwamba ofisi ya serikali imehama kutoka go.tz na sasa inapokea malipo kwenye anwani inayoishia na .com, simama hapo na uulize.

Nne, usidanganywe na alama ya kufuli. Watu wengi wamefundishwa kwamba kufuli ikionekana, tovuti ni salama. Kufuli husema jambo moja tu: mazungumzo kati yako na tovuti hiyo hayasomeki na mtu wa katikati. Haisemi tovuti hiyo ni ya nani. Vyeti vinavyoleta kufuli hupatikana bure na kwa dakika chache, na tapeli huvichukua kama mwingine yeyote. Ukizungumza na mwizi kwa siri, bado unazungumza na mwizi.

Tano, yajue mambo ambayo kuhama kwa tovuti hakuyahitaji. Kazi ya kuhamisha tovuti hufanyika kwenye seva za mwenye tovuti, na akaunti yako huhamishwa na wao. Wewe unaweza kutakiwa kuingia upya kwa nenosiri lako, na hapo panatosha. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kukudai namba ya siri ya huduma ya fedha kwa simu. Hakuna sababu ya kukudai umtajie mtu kwa mdomo namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako. Hakuna ada ya kuhamisha akaunti ambayo mteja hutumiwa namba ya mtu binafsi ailipie. Na hakuna haraka ya saa 2 ambayo ikipita fedha zako hupotea. Ukiona lolote kati ya haya, tangazo hilo ni la uongo, hata kama limepambwa kwa nembo na picha za jengo la makao makuu.

Sita, ukiisha kuthibitisha kwamba kuhama ni kwa kweli, hama na wewe. Hifadhi anwani mpya kwenye simu yako, futa ya zamani, na badili anwani ya barua pepe ya taasisi hiyo kwenye orodha yako. Wajulishe pia wazee na vijana wa nyumbani wanaotumia huduma hiyo. Anayeendelea kutumia jina la zamani kwa miaka mingi anategemea kwamba mtu mwingine ataendelea kulilipia ada kila mwaka.

Je, ikiwa umekwisha kuingia mtegoni? Jambo la kwanza ni fedha. Piga simu mara moja benki au kwa mtoa huduma wako wa fedha kwa simu, uombe akaunti izuiwe; dakika za mwanzo zina thamani kuliko siku zinazofuata. Kisha badili nenosiri, na ulibadili pia kila mahali pengine ulipotumia lilelile. Baada ya hapo hifadhi ushahidi: usifute ujumbe, piga picha ya kioo ikionyesha anwani ya tovuti kwa ukamilifu, andika saa na kiasi kilichotoka. Peleka taarifa polisi. Nchini Tanzania, namba za simu zinazotumiwa na matapeli huripotiwa kupitia 15040, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu watu hawa. Ikiwa taarifa zako binafsi zimevuja kwa uzembe wa taasisi uliyoiamini, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume iliyoundwa kuisimamia; Kenya nayo inayo sheria yake ya mwaka 2019. Wala mtu asinyamaze kwa aibu. Tapeli hufaidika mara mbili na aliyenyamaza: kwanza kwa fedha zake, pili kwa jirani ambaye hakuonywa.

Sasa tuseme juu ya haki zenu. Mtumiaji asibebeshwe mzigo wote. Taasisi inayohama ina wajibu, nanyi mna haki ya kuudai. Tangazo la kuhama linapaswa kutolewa mapema, kwenye tovuti ya zamani yenyewe, kwenye matawi na kwenye vyombo vya habari, likitaja jina jipya kwa herufi zinazosomeka, bila kumtaka mteja abonyeze kiungo na kutoa siri zake. Watu wa huduma kwa wateja wanapaswa kulijua jina jipya kabla ya umma, ili anayepiga simu asijibiwe kwa kusitasita. Na jina la zamani linapaswa kuendelea kuelekeza kwa muda mrefu. Kampuni ya Google, katika ushauri wake kwa wenye tovuti, inawataka waweke uelekezaji kwa muda mrefu iwezekanavyo, kwa kawaida usiopungua mwaka mmoja. Ushauri huo unatolewa kwa ajili ya kurasa kuonekana katika utafutaji. Kwa huduma inayogusa fedha, afya au elimu, sisi tunasema mwaka mmoja hautoshi: jina la zamani lisiachwe kabisa. Ada ya kulitunza kwa mwaka ni ndogo mno ikilinganishwa na ada ya shule ya mtoto mmoja, ambayo mzazi wake ameilipa mahali pasipo penyewe.

Tumalizie na wenye biashara ndogo. Kama unakusudia kuhama, hakikisha kwanza kwamba majina yote mawili yamesajiliwa kwa jina lako au la biashara yako, na kwamba taarifa za msajili zinakuja kwako. Wafanyabiashara wengi humwachia fundi aliyewatengenezea tovuti asajili kila kitu kwa jina lake. Siku fundi akihama mji au wakikosana, biashara hubaki bila kibao. Muulize fundi wako leo, kabla hujahitaji kumuuliza.

Siku ya kuhama, mwambie fundi atumie uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, na kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye ukurasa wake mpya. Mteja aliyefuata bei ya cherehani asitupwe kwenye ukurasa wa mwanzo aanze kutafuta upya, kwa maana atadhani umeacha kuuza. Cheti cha usalama cha jina la zamani nacho kiendelee kuwa hai; kikiisha muda wake, kivinjari kitamtisha mgeni kwa onyo kabla hata hajaelekezwa. Barua pepe za jina la zamani ziendelee kupokelewa. Pitia akaunti zote ulizofungua kwa barua pepe hizo, za benki, za kodi na za mitandao ya kijamii, uzibadili moja baada ya nyingine. Kisha kusanya vilivyochapishwa: vibao, kadi, mifuko, risiti na alama za QR. Ambavyo havikusanyiki, kwa sababu vipo mikononi mwa wateja, ndivyo vinavyokulazimu kuendelea kulilipia jina la zamani. Ile chupa ya kechapu ya Ujerumani ilikaa mezani baada ya waliobuni shindano kulisahau.

Ndugu zetu, hatukusema haya ili mwogope mtandao. Mtandao umewapunguzia foleni, nauli na siku za kazi zilizopotea, na tunataka muendelee kuutumia. Tunachowaomba ni kwamba kabla ya kuandika nenosiri au kutuma shilingi moja mahali papya, msimame muisome anwani, na muulize kwa mtu mnayemfahamu. Haraka haraka haina baraka, na kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika 5. Mwenye taswira ya ujumbe anaoutilia shaka atuonyeshe baada ya mazungumzo haya. Tutausoma pamoja, kutoka kulia kwenda kushoto.